Mkono wa Mtu Aliyezimia

Masharti ambayo waandaaji wa pambano walimpa mdogo wangu Elbert yalikuwa haya: akipigana na Gus Vollmer raundi zote ishirini, na wote wawili wakamaliza wakiwa wima, basi ni sare. Hata Vollmer amalize hajijui hajitambui, mradi kasimama, sare. Kule California mweusi aliachiwa njia moja tu ya kumshinda mzungu ulingoni, nayo ni kumlaza chini asiamke. Hawakuliandika popote sharti hilo. Walilitamka tu huku wakichokonoa meno, na Elbert akakubali.

"Unakubalije upuuzi kama huo?" nilimuuliza. Alikuwa kakaa jikoni kwangu, Oakland, nilipokuwa nikiwapikia wahudumu wa treni, anakula maharage na mkate wa mahindi.

"Nikikataa, dada, nitapigana na nani? Na Rufus tena?"

Rufus Gantt alikuwa bondia mweusi kama yeye, na rafiki yake. Walikuwa wameshapondana mara nyingi mno, kila mmoja anajua mwenzake anapumuaje akichoka. Wazungu wa uzito wa juu waliapa kwamba hawapigani na mweusi, kwa hiyo weusi wakabaki kuvunjana mbavu wenyewe kwa wenyewe, mwaka nenda mwaka rudi. Sasa bingwa wa dunia alikuwa ametangaza magazetini kwamba atakayeshinda kati ya Vollmer na Elbert Pruitt ndiye atakayepigana naye, awe wa rangi yoyote. Alisema hivyo kwa sababu alijua Vollmer atashinda, mimi si mtoto. Lakini alishasema, na dunia nzima ilisoma. Elbert alikuwa keshafika miaka thelathini na minne, na magoti yalishaanza kulalamika. Nafasi nyingine isingekuja.

"Basi mlaze," nikamwambia.

"Nitamlaza."

"Mlaze mapema. Usije ukaanza madoido yako."

"Dada Odessa, haya maharage umeyatia chumvi mara mbili."

"Kula huko, usinipigie kelele."

Pambano lilikuwa mchana, Colma, kwenye uwanja wa mbao usio na paa. Sisi weusi tuliwekwa juu kabisa, nyuma, jua likitupiga machoni. Wanawake hawakutakiwa. Ila mlinzi wa lango letu, Hosea Tibbs, alikuwa mteja wangu wa kila Jumapili, na mtu haringi mbele ya anayemshibisha. "Bi Odessa," akanong'ona, "vaa kofia ya marehemu mumeo, koti lifunge mpaka shingoni, na nakuomba, ukae kimya." Kofia nilivaa.

Mwamuzi alikuwa Harlan Sproul, mwenye baa. Siku zile hapakuwa na majaji wa pembeni. Mwamuzi mmoja tu, neno lake ndiyo sheria, na usiku uliotangulia alionekana akila nyama mezani na Keogh, meneja wa Vollmer. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Alipowaita katikati ya ulingo alimwambia Elbert, "Boi, nikiona mchezo mchafu nakutoa." Boi! Mtu na ndevu zake! Kisha akamgeukia Vollmer, akampigapiga begani. "Kila la heri, Gus."

Basi wakaanza. Vollmer alikuwa mkubwa, mwekundu, na ngumi zake nzito hasa, sitamdhulumu. Lakini alikuwa mzito wa miguu, na Elbert alimzunguka, akamdonoa, akatoka, akarudi, akamdonoa tena. Kila raundi ilikuwa yetu. Vollmer alipoona hapati kitu akaanza kutumia kichwa, kiwiko, hata goti. Wakati huo Sproul alikuwa anaangalia mawingu. Elbert alipotia ngumi moja safi tumboni, juu kabisa ya mkanda, Sproul akaruka katikati na kumtikisia kidole.

"Huyo mwamuzi ana jicho moja!" akasema jamaa aliyekaa karibu nami.

"Na hilo moja kaazimwa na Keogh," mwingine akadakia, tukacheka. Tulicheka maana ukikasirika mapema unachoka kabla ya mambo yenyewe.

Chini, wazungu walikuwa wanapiga kelele. "Mrudishe kwenye mashamba ya pamba, Gus! Muue huyo nyani!" Wenye kusema hayo walivaa tai na minyororo ya saa. Mmoja alikuwa kampakata mwanawe mdogo, na mtoto naye anaimba hivyohivyo kwa sauti nyembamba.

Raundi ya kumi na tano Vollmer aliingia na mikono chini, kachoka. Elbert akarusha mkono wa kulia. Mlio wake tuliusikia mpaka juu kule, kah! kama kuni inayopasuliwa. Kidevuni. Taya lilienda upande, na Vollmer akaanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono.

Tulisimama wote. Sproul akaanza kuhesabu, na alivyohesabu, kati ya sita na saba ungeweza kukanda unga. Akafika tisa. Kumi haikuja. Keogh alikuwa ameshavuka kamba, anapiga mayowe, "Chini ya mkanda! Kampiga chini ya mkanda! Daktari!"

Daktari akaja mbio, mtu wa haohao walioandaa pambano. Akainama sekunde chache, akamnong'oneza Sproul kitu. Watu wanne wakambeba Vollmer, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, kichwa kinaning'inia, wakashuka naye kwenye njia inayopita chini yetu.

Hapo ndipo Keogh akainua kitu mkononi. Mabondia huvaa bati ndani ya bukta, la kukinga sehemu zao, na bati hilo hufungwa kwa kamba za ngozi, mafundo kwa mafundo, lisisogee. La Elbert mwalimu wake, Mzee Cato Yancey, alikuwa akilifungua kwa meno na matusi. Sasa Keogh kasimama katikati ya ulingo na bati lililobonyea, analizungusha ili watu wa pande zote waone. "La Gus hili! Tazameni alivyofanywa!"

Na Gus mwenyewe ndiyo kwanza anapita chini yangu. Bukta imefungwa vilevile. Bati lake liko ndani ya bukta, limetuna, halijaguswa na mtu. Mwanamke mwenye adabu haangalii huko, najua. Niliangalia. Jukwaa zima liliangalia.

"Analo bado!" nikapiga kelele, kofia ikanidondoka. "Bati analo bado! Mtazameni! Hilo mmelitoa wapi, wezi nyie?"

"Analo! Analo!" wenzangu wakapokea, tukawa tunazipiga mbao kwa miguu.

Wazungu waliokaa kando ya njia waliinua macho, wakatuona, kisha wakamtazama Vollmer anavyopitishwa kwenye magoti yao. Waliona. Sina shaka hata kidogo kwamba waliona. Mmoja akageuka akatuambia tufunge vinywa vyetu.

Sproul akalipokea bati, akaligeuza huku na huku kama mtu anayenunua sufuria. Kisha akapunga mkono. "Mrudisheni!" Wale wanne wakageuka na mzigo wao, wakampandisha tena ulingoni, wakamsimamisha kwa kumshika kwapani, miguu inaburuta. Sproul akaukamata mkono wa Vollmer, akauinua juu. Mkono wa mtu aliyezimia! Alipouachia kidogo ukaporomoka, ikabidi aushike kwa mikono miwili. Watu wakashangilia. Yule mtoto naye akashangilia.

Elbert alisogea hatua moja kuelekea kwa Sproul. Mzee Cato akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote za uzee. Nilisoma midomo yake: "Usimguse. Ukimgusa hatutoki hapa."

Nikashuka ngazi, hakuna aliyejisumbua kunizuia. Chumba chetu kilikuwa chini ya majukwaa, kinanuka siki na jasho. Elbert alikuwa amekaa juu ya sanduku, glavu bado mikononi, anatazama sakafu.

"Bado hayajaisha," Mzee Cato alikuwa anasema. "Sproul hajatoka uwanjani. Kabla hajatoka anaweza kugeuza neno lake. Nimewahi kuona. Waandishi wote wako hapo koridoni wanamngoja Vollmer azinduke. Vollmer akisema mwenyewe kwamba alipigwa kidevuni, Sproul atajificha wapi?"

Nikasonya. "Vollmer aseme? Mzee wangu, wewe umepigwa ngumi nyingi kichwani."

Mara mlango mdogo wa nyuma, wa kwenda bafuni, ukagongwa. Akaingia Vollmer, peke yake. Walikuwa wamemfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, fundo juu, kama mtoto mwenye jino bovu. Taya lilikuwa limevimba na kukaa upande. Alisema kwa shida, bila kufungua meno.

"Pruitt. Ulinipiga hapa." Akagusa taya, akakunja uso. "Safi. Lile bati sijui walilitoa wapi. Nimeona nije nikwambie."

Macho yake yalijaa machozi. Moyo wangu ukaruka, nisidanganye. Nilimwona mdogo wangu mbele ya bingwa wa dunia, nikaona na mimi nimekaa viti vya mbele na kofia yangu ya kike.

Akanyoosha mkono. "Nipe mkono, tafadhali."

Elbert aliutazama mkono ule, hakuupokea. "Sproul yuko hapo nje?"

"Yuko."

"Na waandishi?"

"Wapo."

"Basi twende. Kaseme hivyohivyo ulivyosema hapa, usiongeze wala usipunguze. Mkono nitakupa hukohuko mbele yao, na nitakuheshimu mpaka naingia kaburini."

Vollmer akainamisha kichwa. "Keogh ataniacha. Na kwetu, mtaani... watasema nafasi ya kupigana na bingwa wetu nimemwachia m—"

"Malizia!" nikamwambia. "Umemwachia nani? Malizia, bwana, tukusikie!"

"Dada," Elbert akasema.

"Wewe unajua na mimi najua, Pruitt," Vollmer akasema. "Si inatosha?"

"Wewe inakutosha. Mimi hainitoshi."

Elbert akainuka, akaenda kwenye mlango wa koridoni, akausukuma kwa glavu mpaka ukafunguka wote. Waandishi wakajaa mlangoni. Sproul alikuwa nyuma yao, kofia kichwani, tayari kuondoka. Hakuna aliyetegemea kumkuta Vollmer kwetu.

"Gus!" mmoja akaita. "Alikupiga wapi?"

Swali gani hilo! Taya la mtu limehama, kitambaa kimefungwa kichwani, damu inachuruzika pembeni mwa mdomo, anaulizwa kapigwa wapi. Sproul alimtazama, akavua kofia, akaivaa tena. Neno moja tu lingemvua nguo.

"Sema, bwana," Elbert akamwambia taratibu. "Sema tu."

Vollmer akajaribu kufungua mdomo, maumivu yakamzuia. Akamtazama Elbert, akamtazama Keogh aliyekuwa anajipenyeza kati ya watu. Kisha akateremsha mkono wake polepole, akauweka mbele ya bukta.

Wakaandika. Penseli zote zikaandika.

"Na hilo taya?" akauliza mmoja.

"Aliumia alipoanguka," Keogh akasema. Wakaandika na hilo.

"Uamuzi ni uleule," Sproul akasema kwa sauti kubwa, akaondoka. Mpiga picha akajisogeza na sanduku lake. "Mpe Gus mkono, boi. Usiweke kinyongo." Na Vollmer, Mungu ananisikia, akaunyoosha mkono uleule.

Nilidhani Elbert atautemea mate. Mimi nilikuwa tayari nimeyakusanya. Lakini yeye aliushika katikati ya glavu zake mbili, akamvuta karibu, akamuuliza kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia, "Taya linauma sana?"

Vollmer akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, machozi yanalowesha kile kitambaa.

Nikawageukia waandishi. Penseli zilikuwa zimeshaingia mifukoni.

Asubuhi gazeti liliwekwa mezani kwangu na mhudumu mmoja wa treni, naye akaondoka bila kumaliza kahawa. Bingwa wa dunia alikuwa amesema kwamba yeye hana ubaguzi wowote wa rangi, angepigana na Pruitt kwa furaha, ila hawezi kusimama ulingoni na mtu anayepiga chini ya mkanda. Nilimsomea Elbert mpaka mwisho, kwa sababu aliniomba nisiruke kitu. Kisha nikatoka uani nikatapika.