Nyuzi za Sauti Nzito

Marietha alifanyiwa upasuaji wa rovu shingoni mapema mwaka 1993. Daktari alikuwa amemweleza kabla kwamba sauti huenda ikabadilika, naye akakubali, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeanza kumbana pumzi. Aliporudi nyumbani Kintinku alikuwa mzima. Alikula vizuri, akalala vizuri, na baada ya miezi miwili alikuwa shambani kama wenzake. Ila sauti ilikuwa imeshuka. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno.

Kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo kubwa. Lakini Marietha alikuwa ameimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango kwa miaka kumi na minne, na watu walizoea kumsikia yeye kabla ya wengine. Sasa Jumapili alikaa mabenchi ya nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, na nyimbo zilipoanza alifungua kitabu akafuata kwa macho tu. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba bado anapumzisha koo.

Mume wake, Antipasi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpigaji gitaa wa kwaya hiyohiyo. Gitaa lake la kwanza lilitengenezwa na seremala, likafungwa nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo rafu za duka la ushirika zilikaa tupu. Siku hizi treni ilileta kila kitu, na mwaka huo alikuwa amenunua gitaa jipya, la njano, linalong'aa. Lilikuwa jepesi mkononi na sauti yake ilikuwa kali, ya juu, safi. Wanafunzi walilipenda. Marietha, kila lilipopigwa, alikumbuka kazi ya jikoni.

Alasiri moja Antipasi alirudi mapema kutoka shuleni akamsikia mkewe nyuma ya nyumba. Alikuwa anapepeta uwele huku anaimba. Aliimba chini sana, taratibu, na ule mkwaruzo ulikuwa umeukaa wimbo vizuri. Antipasi alisimama pembeni ya ukuta. Halafu furaha ikamzidi. Aliingia ndani, akachukua gitaa, akatoka nalo huku analipiga.

Marietha akanyamaza.

"Endelea, Mama Eliana."

"Niendelee na hilo?" Aliweka ungo chini. "Linalia kama vijiko kwenye sahani. Likipigwa nasikia kule juu nilikokuwa naimba zamani. Mimi sipo tena huko, Baba Eliana."

Antipasi alirudisha gitaa ndani. Jumamosi iliyofuata alilitia gitaa kwenye gunia, akapanda treni hadi Manyoni.

Duka lililouza nyuzi lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Elizabeti. Aliuza betri, vitenge na taa za chemli, lakini marehemu mume wake alikuwa amepiga gitaa katika bendi ya dansi, na yeye mwenyewe alizijua nyuzi kuliko vijana wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Gitaa langu lina makali mno. Nataka nyuzi za kulituliza."

Elizabeti alilipiga mara moja kwa kidole gumba, akasikiliza. "Nani anaimba nalo?"

Antipasi aliona aibu kueleza. "Kwaya tu."

"Kwaya nzima, au kuna mtu?"

"Kwaya," alirudia, na macho yake yakaenda kwenye pakiti zilizopangwa ukutani. Hakuwa amezoea kuchagua. Katika maisha yake yote nyuzi zilikuwa ni zile zilizopatikana. Alifikiri kwamba uzi mnene utatoa sauti nzito, akaomba zile nene kuliko zote.

"Hilo gitaa ni jepesi," Elizabeti alimwambia. "Hizo zitalivuta."

"Zitanifaa, mama."

Hazikumfaa. Sauti ilinenepa kweli, lakini ilikuwa kubwa na ngumu, na vidole vilimuuma. Kila alipopiga, Marietha aliendelea na shughuli zake. Wiki ya pili ni yeye aliyeona jambo. Alikuwa anafagia chumba, akainama karibu na gitaa lililoegemezwa ukutani.

"Hiki kibao kinachoshika nyuzi kinang'oka," alisema. "Tazama, unga wa gundi huu."

Antipasi alizilegeza nyuzi harakaharaka, kisha akakaa kitandani na gitaa mapajani. Ndipo alipomweleza. Alimwambia kwamba siku ile ya uwele alimsikia kabla hajatokea, kwamba alikwenda Manyoni kwa ajili yake, na kwamba alitaka gitaa lishuke limfuate aliko.

Marietha alisimama na ufagio mkononi. "Sasa ukaenda kunitafutia mahali pa kuimbia, na mimi mwenyewe umeniacha nyumbani?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo." Alifagia kidogo, akasimama tena. "Mpelekee seremala akibandike. Kikikauka tutakwenda wote."

Walikwenda baada ya siku kumi. Njiani, treni ilipokuwa inakwea mlima kwa shida, Marietha alitazama nje. Dukani Elizabeti alipokea salamu zao, akamtazama Marietha, akaliona kovu shingoni.

"Leo umemleta mwenyewe," alimwambia Antipasi. Akamvutia Marietha kreti tupu la soda. "Kaa hapa, mwanangu. Yeye atapiga, wewe utasema."

Walianza na nyuzi za shaba ya njano. Elizabeti alizifunga kwa mikono yake, na vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vya Antipasi. Marietha alifumba macho. Baada ya muda mfupi alitikisa kichwa. "Hizi ni ndugu za zile zilizokuja na gitaa."

Zikafuata nyingine, shaba yake nyekundu kidogo. Alizisikiliza kwa muda mrefu zaidi. "Afadhali. Zina joto. Ila zinanisukuma, kama mtu anayetembea nyuma yangu."

Elizabeti alicheka. Alipanda juu ya stuli, akatoa pakiti yenye vumbi nyuma ya maboksi ya betri. "Hizi zilikuja zimechanganyika na mzigo kutoka Dar. Ndani ya uzi kuna hariri, nje imezungushiwa waya. Vijana hawazitaki, wanasema zimelegea kama wagonjwa."

Antipasi akapiga. Sauti ilitoka laini, ya chini, haikufika mlangoni. Marietha alifunga midomo, akaanza kuifuata kwa puani.

"Shusha kidogo," alisema.

Antipasi alilegeza nyuzi zote sita.

"Tena. Hapo. Sasa hizo mbili nyembamba bado zinachoma. Weka chini hicho kiplastiki unachopigia, zipige kwa nyama ya kidole."

Akaimba ubeti mmoja. Mteja aliyekuja kununua betri alibaki mlangoni, hakuita. Katikati ya ubeti kulikuwa na mahali pa kupanda, na sauti yake ilipofika hapo ikakatika. Marietha alifumbua macho. Antipasi aliacha kupiga, lakini yeye alimwashiria arudie. Mara ya pili hakupanda. Alipita chini ya hapo, akautafutia wimbo njia nyingine, akaumaliza.

"Hizi," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Ninayo pakiti hiyo moja tu," Elizabeti alisema. "Zikichakaa nitumie ujumbe kwa watu wa treni, nitaagiza."

Mwezi uliofuata Marietha alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya, Gaspari, alifurahi kumwona, akamwonyesha nafasi yake ya zamani mbele. Marietha hakwenda huko.

"Naomba nikae sauti ya tatu."

Wanawake wawili walicheka kwa kuziba midomo. Gaspari alikuna kichwa. "Sauti ya tatu ni ya wanaume, Mama Eliana."

"Nipe wimbo wowote, niimbe mstari wao. Nikikosea nitarudi nyuma kule."

Hakukosea. Gaspari aliwaambia wanaume wasogee, akampa mwisho wa benchi, karibu na gitaa.

Jumapili ya kwanza watu waligeuka kutazama sauti ile ilitoka kwa nani. Baada ya misa, waliokaa nyuma walimlalamikia Antipasi kwamba gitaa lake siku hizi halisikiki, apige kwa nguvu. Aliwasikiliza kwa heshima, akaitikia, na Jumapili iliyofuata akapiga vilevile.