Damu ya Papa Olive

Miye Honorine, nasemaka yenye iko mu roho. Tangu mudogo yangu Chileshe aliolewa na Symphorien, ule Munande ya Butembo mwenye kuuzisha unga na mafuta ku depo, sikumupenda. Muntu gani anaishi Lubumbashi miaka yote ile na hajue kucheka? Alikuwa anakuya kwangu Naviundu, anakunywa chai, anaangalia saa, anaenda. Kama leo unasikia niko namusifu, ujue ni yeye mwenyewe alinilazimisha.

Mutoto yabo ya kwanza, Olive, alikufa na kanseri ya maziba, ile ya kifua. Alikuwa kijana, na mutoto mudogo mu mugongo. Aliona kivimbe, akasikia haya, akaifunga na kitambaa, akanyamaza mupaka ikatoboka. Banasemaka mwenye kuficha ugonjwa, kilio kinamufunua. Tulimuzika mu musimu ya mvua.

Kisha matanga, bantu balianza: ile ugonjwa inatoka kwa mama yake. Na shiye Babemba hatukubisha, juu kwetu mutoto ni ya upande ya mama. Ukoo ni ya mama, bahati ni ya mama, na mukosi vilevile. Chileshe alimeza maneno yote. Akakonda mupaka nguo zake zikawa zangu za zamani, zenye nilibalaga mbele ya kuzaa.

Halafu Goma ikaanguka mu mikono ya baasi. Banki bakafunga, ndege hazikuruka tena, na mali yote ya Symphorien yenye ilikuwa kule ikabakia kule. Mudogo yake Muhindo, mwenye aliishi kule, alikimbia na bibi na mabinti batatu. Balizunguka mu inchi za bantu, mwisho bakaingilia Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, juu ya loli, katikati ya mifuko. Symphorien alibapokea mu nyumba yake. Muhindo alipoteza kila kintu, lakini kinywa yake ilifika muzima. Siku moja mbele ya sahani ya sombe alisema Deborah, mutoto mwenye alibakia, hataolewa, juu bantu balisha kujua damu ya mama yake. Chileshe iko pale, na kijiko mu mukono.

Sasa, mu ile miezi, dokta Adalbert ya hospitali yetu alianza kupima ile kanseri ya kurizi, yenye muzazi anapatia mutoto mu damu. Mbele ilikuwa kipimo ya batajiri, damu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sasa bei ilishuka mupaka miye, mama ya soko, naiweza bila kukopa muntu. Nilishukuru Mungu na bale bantu benye kuishusha. Nikakimbia kwa Deborah.

Akakataa.

"Mama mukubwa," aliniambia, "kama bananipata nayo, Muhindo atasema: munaona, ni mama yake. Mama hataweza kubeba ile. Acha nikae tu hivi."

Nilikasirika. Mutoto ya pili anataka kufa juu ya midomo ya bantu? Nilienda miye peke kwa dokta, nikamumwangia hasira yote. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na upande ya baba?"

"Baba iko mwanaume, dokta."

"Mama, ile kasoro muntu anazaliwa nayo. Mwanaume naye anaweza kuibeba bila kuugua, na anaipatia batoto. Dada za baba yake bako namna gani?"

Mawe, mama yangu! Dada za Symphorien. Balikuwa babili, balikufa Butembo bangali bamama bachanga. Jamaa yote ilisema ni sumu ya bantu ya wivu, juu balikuwa na biashara muzuri. Kumbe Chileshe alisha kuniambia zamani: mumoja yabo, yeye mwenyewe alimukuta na kifua imefungwa na vitambaa. Tulisikia "sumu", hatukuuliza tena.

Nilienda ku depo. Nilijitayarisha kwa matusi, na miye nilikuwa na yangu ya kumurudishia. Symphorien alisimama kati ya mifuko ya unga, akanisikiliza mupaka mwisho.

"Mulamu," akasema, vile anaitaga dada ya bibi yake, "ile ugonjwa ya Olive ilitoka kwangu?"

"Sijue. Damu yako njo itasema."

Alichukua koti, akafunga depo. Munande kufunga depo siku ya kazi, na wateja bako mulangoni, ni kintu yenye sikuonaka. Alipita nyumbani, akamuchukua Chileshe, bote babili bakatoa damu. Hakuambia muntu mwingine.

Majibu ilikawia. Ilipofika, alingoja siku ya Mungu, kisha misa, bote bako mezani, na miye pia alinialika. Alisimama. Ujue ile saa alikuwa amepoteza Goma yote. Mbele ya ndugu zake alibakia na jina tu, ya kuwa mukubwa yabo.

"Chileshe alipimwa, haiko nayo," alisema. "Miye niko nayo. Olive nilimupatia miye. Naamini dada zetu nabo balikufa nayo, na tulisingizia jirani zetu sumu bure. Kuanzia leo, mwenye kumutaja bibi yangu mu hii jambo, atoke mu nyumba yangu."

Muhindo aliangalia chini. "Kaka, unatupatisha haya."

"Haya ilisha kumuua Olive. Weye uko na mabinti batatu. Kesho utapimwa."

Chileshe aliinuka, akaenda ku jiko, na tulimusikia analia kwa sauti. Tangu matanga hakulia vile. Hakuna muntu alimufuata isipokuwa bwana yake. Miye nilibakia pale na chakula yangu, nikasema mu roho: Honorine, huyu ni mwanaume.

Asubui Deborah alikuwa wa kwanza ku mulango ya dokta. Majibu ilipofika, alikutwa nayo. Kwa sababu alikutwa nayo, balimuangalia na mashini, bakaona kintu kidogo kama maharagi, yenye mukono haikuweza kusikia. Balipasua upesi. Dokta alisema wamewahi.

Tulienda kumuona ku hospitali. Symphorien alikaa pembeni ya kitanda, kichwa chini, machozi inaanguka ku koti.

"Mwanangu, nilikupatia kintu mubaya."

Deborah alimushika mukono. "Na Olive ulimupatia, papa. Yeye hakujua. Miye najua."