Ngumi ya Atuti

Katika kiwanda kimoja cha chai juu kidogo ya Mogogosiek, hakuna jani lililoingia kwenye mashine ya kusaga kabla Atuti hajalifinya. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata meneja aliifuata. Atuti alichota majani yaliyotandazwa kwenye wavu wa kitanda ili yanyauke, akayafumba ndani ya ngumi, akahesabu kimoyomoyo hadi tano, akafumbua. Donge likifumuka haraka, alisema "bado". Likifumuka polepole, kama mtu anayeamka siku ya mapumziko, alipinda kikonyo kimoja aone kama kinakatika, akanusa, ndipo aliposema "tayari". Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusema tayari akajuta. Alilijua hilo, na usidhani alilificha. Alitembea katika ghorofa ile ya kunyaushia majani mikono nyuma kama diwani.

Mwaka wa 1974 meneja alitangaza kwamba vitanda vya zamani vya kunyaushia vitavunjwa na vipya vijengwe. Safari hii havitachorwa kwa kukadiria, vitachorwa kwa hesabu ya kompyuta. Injinia aliyepewa kazi hiyo alikuwa kijana wa Bomet, Kipkorir, aliyesomea chuo kikuu Nairobi. Kompyuta yenyewe ilikuwa huko huko chuoni, na kwa maelezo yake ilikuwa kubwa kuliko jiko la Atuti na ng'ombe wake wawili ndani. Kipkorir mwenyewe alikuja na daftari, mizani ndogo na oveni ya kukaushia majani aliyokwisha kuyapima, ajue yalikuwa na maji kiasi gani.

"Mzee Atuti," alisema Kipkorir, "kompyuta haina mkono. Inajua namba peke yake. Nataka siku arobaini. Kila siku wewe finya, sema bado ama tayari. Mimi nitapima maji iko kwa hayo majani, nipime joto na upepo. Hiyo data yote inaingia kwa kadi, halafu kompyuta inatuambia kitanda kiwe kirefu aje na feni iwe ya saizi gani."

"Na ikishajua?"

Kipkorir hakuwa mwongo. Alitazama chini kwanza. "Meneja anasema ikishajua, wewe utapelekwa kwa boila."

Kwenda kwa boila maana yake ni kutupa kuni motoni pamoja na vijana walioajiriwa juzi. Jioni Atuti alimweleza mkewe, Mokeira, aliyekuwa anamenya ndizi.

"Baba Nyambeki," alisema Mokeira bila kuinua macho, "ikiwa tayari sema bado, ikiwa bado sema tayari. Nani atajua? Hiyo mashine itawachorea kitanda cha kuku."

Atuti alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Lilikuwa jambo rahisi, na la kumwokoa. Tatizo ni kwamba ngumi yake haikuwahi kusema uongo, na aliona aibu kuifundisha uzeeni.

Basi akafinya kweli kiangazi hicho, siku moja baada ya nyingine. Karibu kila aliposema tayari, oveni ya Kipkorir ilionyesha maji ni asilimia sabini, ikizidi ni moja, ikipungua ni moja. Kijana alitikisa kichwa. "Mzee, wewe ni mashine," alimwambia siku moja.

"Mashine ni hiyo yako," Atuti alijibu. "Mimi nina watoto."

Siku arobaini zilipotimia, Kipkorir alizipeleka namba Nairobi, zikatobolewa kama matundu kwenye kadi zinazosomwa na kompyuta, nayo ikahesabu. Baada ya wiki mbili alirudi na uso mzito. Siku thelathini na tisa zilikaa kwenye mstari mmoja. Moja, ya ishirini na saba, ilisimama mbali peke yake kama ng'ombe aliyetoroka zizini. Siku hiyo Atuti alisema tayari, na oveni ikasema asilimia sabini na nane.

Habari za kiwandani hazina miguu lakini zinatembea. Kabla ya saa sita kila mtu alikuwa amesikia kwamba Atuti ameharibu hesabu makusudi ili asiende kwa boila. Nyapara, Jonah, aliyekuwa na wivu wa miaka mingi na ile mikono ya nyuma, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Kipkorir alimvuta mzee kando. "Kila mtu anakosea," alisema kwa upole. "Nitaifuta tu hiyo moja. Hizo zingine zinatosha. Kompyuta haitauliza."

Hasira ilimpanda Atuti hadi masikioni. Kutukanwa angevumilia. Kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, hapana.

"Ukifuta hiyo, futa zote," alisema. "Hiyo siku majani ilitoka Kimulot, kule karibu na msitu. Lori ilikwama kwa matope tangu asubuhi, majani yakanyaukia ndani ya magunia. Halafu mvua ikayapata hapo hapo kwa barabara. Mimi nilipinda kikonyo, hakikukatika. Ndani yalikuwa tayari. Maji yenye ulipima wewe ni ya nje, ya mvua. Oveni yako haijui tofauti. Mkono unajua. Maji ya nje yanateleza, ya ndani yanasukuma."

Kipkorir alikwenda getini akaomba daftari la malori. Lori la Kimulot lilikuwa limeingia saa kumi jioni badala ya saa nne asubuhi, na pembeni mlinzi alikuwa ameandika: matope, mvua kubwa. Alirudi akakaa juu ya gunia.

"Mimi nilihesabu maji kama kitu moja," alisema.

"Ni mbili."

"Na hapa kunanyesha miezi ngapi kwa mwaka?"

"Wewe ni mtu wa Bomet, na unaniuliza mimi?"

Kijana alirudi Nairobi akatoboa kadi upya. Michoro iliyokuja safari hiyo ilikuwa mingine kabisa. Kitanda kilirefuka, feni ikawa kubwa zaidi, na bomba likaongezwa la kuleta hewa ya moto kwanza, ikaushe maji ya nje, kisha lifungwe ili hewa baridi iyatoe ya ndani. Mafundi wa karakana walikijenga cha kwanza kwa mbao, mabati na wavu, wakifuata karatasi ya kompyuta bila kukisia hata inchi moja, na kwa jinsi kilivyokaa sawasawa wao wenyewe walikizunguka wakikisifu.

Walikijaribu Aprili, mvua ikiwa haijui kukoma, kwa majani ya Kimulot yaliyokuwa yakitiririka maji. Asubuhi ya pili, saa iliyotajwa na kompyuta ilipofika, feni ikazimwa. Meneja, Kipkorir, Jonah na mafundi wote wakamgeukia Atuti.

Alijua vizuri amesimama wapi. Akisema bado, kitanda kimeshindwa na yeye amebaki. Akisema tayari, kitanda kimepita na kuni zinamngoja. Alichota, akafinya, akahesabu hadi tano. Donge likafumuka polepole. Alipinda kikonyo, akanusa, akarudia tena upande wa pili wa kitanda, maana hakutaka kumwonea mtu, hata mashine.

"Tayari," alisema. "Na tayari ya namna hii sijawahi kushika wakati wa mvua."

Mafundi walipiga makofi. Atuti alichukua koti lake kwenye msumari akaanza kushuka ngazi.

"Unaenda wapi?" meneja aliuliza.

"Kwa boila."

Kipkorir alimshika mkono, akamkunjulia karatasi ndefu ya kompyuta. Ilijaa Kiingereza na alama ambazo Atuti hakuzielewa. Lakini jina lake alilijua, na lilikuwa pale kwa herufi kubwa, mara tatu, mara nne: ATUTI.

"Nani aliandika jina langu hapa?"

"Mimi. Kompyuta inataka kila namba iwe na jina fupi. Hii namba ni neno lako, bado ama tayari, nikaiita wewe. Vitanda kumi na moja vimebaki hapa, na watu wa kule Chepseon wameandika wanataka pia. Majani yao si kama haya. Lazima uende ukafinye."

Meneja aliitikia kwa kichwa. "Boila itatafuta mtu mwingine," alisema.

Atuti aliweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa wenye jina lake. "Na hapa inasema nini?"

Kipkorir aliinama, akaugeuza mstari ule kwa Kiswahili. "Kabla haijahesabu kitu chochote, inauliza kwanza: Atuti amesema nini?"

"Soma tena," alisema Atuti, "na uongeze sauti kidogo. Jonah yuko mbali."