Kuku wa Kungojea Mvua

Kijiji kizima cha Ndalu hakuna aliyejua kupika kuku kumshinda Nabwile. Alisema hivyo mwenyewe, kila Krismasi, na hakuna aliyewahi kumpinga. Lakini pia hakuna aliyewahi kuomba kipande cha pili. Wajukuu wake walisema supu yake inafaa kuoshea baiskeli, na yeye alicheka kuwashinda, kwa sababu aliionja pia.

Asubuhi hiyo alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta maharagwe aliposikia gari likikata kona. Alilijua kwa mlio. Lilikuwa la Ian, mtoto wa marehemu Bramwel. Ian alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, na siku hizi hakuja Ndalu ila kwa mazishi au kwa mambo ya ardhi. Na hakuna aliyekuwa amekufa.

Shamba la Bramwel lilikuwa hapo chini ya nyumba ya Nabwile, likitenganishwa na ua wa michongoma tu. Nabwile alilikodi kwa Bramwel tangu kichwa chake kikiwa bado na nywele nyeusi, akapanda nduma, yaani magimbi, na nduma hizo ndizo zilizomlisha. Kila wiki Beth, mama aliyeuza sokoni Kitale, alituma mtu wa pikipiki kuchukua gunia. Nduma hupenda maji, na maji ya mvua ya Ndalu yote yalijua njia ya kufika pale. Bramwel alipokuwa hai alipenda kusema kwamba Mungu alipomaliza kuumba Ndalu alisahau sufuria yake hapo chini.

Sasa Ian alitaka sufuria hiyo iwe mtaa. Alitaka shamba litolewe kwenye kilimo, liandikwe kuwa la makazi, likatwe ploti ndogo ndogo. Mnunuzi alikuwepo. Kilichobaki ni sahihi ya afisa wa mipango ya ardhi kutoka Bungoma, na afisa alitakiwa aje kwanza aone kama mahali ni pakavu. Kwa hiyo wiki iliyopita Ian alileta malori ya marram, ule udongo mwekundu wa barabara, akamwaga juu ya nduma za Nabwile, zile za upande wa barabarani, akasawazisha vizuri kama mtu anayetandika kitanda. Nabwile alikimbia kwa chifu. Aliambiwa mtu wa kukodi hana sauti, lakini akitaka aandike barua. Aliandika. Tangu siku hiyo chifu alikuwa kwa semina.

Afisa aliteremka kutoka gari la Ian. Alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, jina lake Hesbon. Alitembea juu ya marram, akakanyaga mara mbili kwa kisigino, na ardhi ikajibu kwa vumbi.

"Pakavu," alisema.

"Si nilikuambia," Ian akasema, na funguo za gari tayari zilikuwa mkononi. Macho yake yalikuwa yamekwenda juu, upande wa Cheptais, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima kama akina mama wanaoanza mkutano. Nabwile aliyaona mawingu. Akamwona Ian akiyaona. Hapo ndipo alipoacha maharagwe, akafunga leso, akateremka kusalimia wageni.

Hakusema neno juu ya shamba. Alimuuliza kijana yeye ni wa nani. Hesbon alipotaja ukoo wa mama yake, Nabwile alipiga makofi akasema kumbe huyu ni mjukuu, damu kabisa. Hata kijana angetoka Mombasa, siku hiyo angekuwa mjukuu.

"Tuna haraka, kukhu," Hesbon alisema, akimwita nyanya kwa Kibukusu, na kwa neno hilo moja alikuwa amejifunga mwenyewe.

"Mjukuu wangu atoke kwangu bila kuku?" Nabwile akauliza. "Nitaambia watu nini kanisani?"

Mtu wa Bungoma anaweza kukataa chai. Anaweza hata kukataa bahasha, ingawa Nabwile hakuwahi kukutana na huyo. Lakini kuku akishatajwa, anayeondoka amemtukana mwenye nyumba. Ian alisema watapata chakula hotelini Kitale.

"Kuku ya hoteli si kuku, bana," Hesbon alisema, akaingia ndani akaketi.

Sasa Nabwile alianza kupika vile alivyojua. Alichagua jogoo mzee kuliko wote, na akahakikisha amemkimbiza kwanza kuzunguka boma lote. Alileta kuni za chini ya rundo, zile mbichi. Alimtuma jirani yake Rispah akanunue chumvi kule sokoni, na chumvi ilikuwepo ndani ya kopo, juu ya kabati. Rispah aliiona, akamtazama Nabwile, akaenda polepole.

Ian alikuja mlangoni mwa jikoni tena na tena.

"Kukhu, bado tu?"

"Chifu ameikalia barua yangu tangu wiki jana," Nabwile alimjibu, akipuliza moto uliozimika, "na wewe unaharakisha kuku."

Alipopeleka chai ya kupoza njaa alimkuta Hesbon amelegea kwenye kiti, amevua viatu. Walizungumza. Kijana alimwambia hakuwa ameajiriwa kabisa kabisa, alikuwa wa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha karibu. Mke wake Fridah alikuwa mjamzito. Mkubwa wake ofisini ndiye angeamua kama angeongezewa muda au arudi nyumbani kwao kufuga ng'ombe wa watu. Aliyasema haya bila kulalamika, vile mtu anavyotaja jino bovu. Nabwile alimwonea huruma, huruma ya kweli, akamwongezea sukari. Huruma hiyo haikumfanya aongeze kuni.

Chakula kilipofika mezani, nje kulikuwa kumeingia giza la mawingu na upepo ulikuwa unapiga migomba. Ian alinawa haraka, akanyoosha mkono kwenye ugali. Nabwile akamwomba Rispah aongoze maombi.

Sala za Rispah zilijulikana hadi Tongaren. Alianza kwa kushukuru kwa pumzi. Akaombea viongozi, barabara, mbolea ije mapema, wagonjwa wote akiwataja kwa majina na magonjwa yao, mabinti waliokataa kuolewa na vijana waliokataa kuoa. Ian alisema amina. Rispah akaingia kwa wajane. Ian akasema amina tena, kwa nguvu. Rispah alikuwa amefika kwa wale walio safarini wakati tone la kwanza lilipoanguka juu ya mabati, na hapo hapo akamaliza.

Hesbon alipewa firigisi, kama mwanamume wa heshima. Aliitafuna kama anayetafuna soli ya kiatu, na hakulalamika. Mvua iliteremka yote kwa pamoja. Mpaka walipofika kwenye mifupa, mtu hakuweza kumsikia mwenzake bila kuinama.

Nabwile alisimama mlangoni. Baada ya muda Hesbon naye alikuja akasimama kando yake, mikono bado ina mafuta.

Maji yalikuwa yanateremka kutoka pande zote, kutoka mashamba ya juu, kutoka barabarani, yakipita chini ya michongoma. Marram iliondoka kwanza, nyekundu kama chai ya rangi. Chini yake yalianza kutokea majani ya nduma, yamevunjika, yanaelea. Kisha hata majani hayakuonekana. Kulikuwa na ziwa, na pembeni mwa ziwa kulikuwa na gari la Ian. Ian alitoka mbio na gunia kichwani kwenda kuliokoa. Walisikia injini ikilia, magurudumu yakizunguka mahali pamoja.

"Nimeona, kukhu," Hesbon alisema.

"Umeona nini, baba?"

"Hapa hapawezi kujengwa nyumba. Watoto wa watu watalala kwa maji."

Nabwile alishika mlango. Alikuwa tayari anapanga kichwani: miche ya kuomba kwa jirani, siku ya kupanda upya, namna ya kumwambia Beth avumilie kidogo.

Simu ya Hesbon ikalia. Alirudi nayo mezani, akaiweka sikioni, akaitoa, maana mabati yalikuwa yanameza kila kitu. Akabonyeza sauti itoke nje.

"Hesbon, umefika kwa hiyo shamba?" Ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba.

"Nimefika, mkubwa."

"Ikoje? Huyo mnunuzi ananipigia tangu asubuhi."

Hesbon alitazama mlango uliokuwa wazi. Alimtazama Nabwile. Kisha akageuza uso ukutani, kulikokuwa na kalenda ya kanisa, akaongea na kalenda.

"Ni kavu, mkubwa. Kavu kabisa. Hata sasa jua inawaka, ni vumbi tu."

"Na hiyo kelele?"

"Ni posho mill, mkubwa. Mashine ya kusaga, iko hapa karibu."

Radi ikapiga, sahani zikatetemeka mezani. Halafu mkubwa alicheka, taratibu, bila hasira yoyote.

"Sawa," alisema. "Iandike hivyo hivyo. Kesho asubuhi nikute umeweka sahihi."

Simu ikakatika. Rispah aliangalia mapaja yake. Hesbon alibaki ameshika simu mbele ya kalenda kana kwamba kuna mtu mwingine bado anaongea naye.

Nabwile aliingia chumbani. Alitoka na kopo la gorogoro limejaa mahindi mpaka juu, akasukuma mifupa kando kwa kiwiko, akaliweka mezani mbele ya kijana.

"Nisagie haya, mjukuu wangu," alisema. "Miaka yote nimekuwa nikitembea mpaka sokoni, na kumbe mashine iko hapa karibu."