Bukuru Bado Yuko Stage

Saa moja na nusu kila asubuhi Bukuru hufuta vumbi mezani kwa mkuu wa huduma, chef kama wanavyomwita, hupanga majalada, kisha huketi kwenye kiti alichokuja nacho kutoka kwao, mtaa wa Mutanga Sud. Ofisi hiyo ya serikali, kule mtaa wa Rohero, mwaka ule ilikuwa na nafasi ya stage kwa mhitimu mmoja, lakini kiti haikuwa nacho. Walimwambia ni mazoezi ya miezi mitatu, kisha atapewa cheti chenye saini na muhuri, aombe kazi ya kweli. Pacha wake, Butoyi, hakupata nafasi. Alilia siku mbili, akaenda kuuza vitenge.

Katika mwezi wake wa nane ofisini, cheti hakijatoka, Bukuru aligundua kwamba misuko aliyosukwa siku ya kwanza haijalegea. Kucha nazo hazikui. Akamwambia Herménégilde, stagiaire mwenzake wa meza ya jirani.

"Ni vile," alisema Herménégilde bila kuinua macho. "Mutu wa stage hazeekake. Mi niko hapa tangu mutoto wangu ananyonya. Sasa anasoma université."

"Na cheti?"

"Chef anasinya kama unamaliza. Na unamaliza kama anasinya."

Bukuru akaona ni utaratibu kama taratibu nyingine za ofisini, akarudi kwenye majalada. Ukitoka na cheti, walisema, unatoka na ujana wako, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Térence, stagiaire mwingine, alichoka, akaacha stage bila cheti. Alipofika getini siku hiyo, miaka kumi na minne ilimshukia kwa mpigo hata akapepesuka, mlinzi akamshika mkono kumvusha barabara. Baada ya hapo nani angethubutu?

Miaka ikaenda. Butoyi akaolewa, akazaa watatu. Soko kuu likaungua na vitenge vyake vikateketea humo, akaanza upya. Wakuu wa huduma walibadilika mara saba, na kila aliyeingia alisema hawezi kusaini kazi ambayo hakuisimamia, basi waanze miezi mitatu upya. Ripoti zao zote aliziandika Bukuru. Alibaki na miaka yake ishirini na mitatu, ngozi laini, mfuko mtupu. Inauma, na asiyeumwa hajawahi kusubiri.

Wiki iliyopita Butoyi alifunga kibanda, akavaa imvutano anayovaa harusini, akapanda ngazi za ofisi polepole kwa sababu ya goti. Mvi zilikuwa zimemtoka juu ya paji.

"Chef, pardon. Nimekuja juu ya huyu."

Chef alikuwa mtu wa adabu. Akampa kiti cha Bukuru.

"Maman, usijali. Mutoto wako angali kijana. Haraka ya nini?"

Butoyi akamtazama pacha wake, aliyemtangulia duniani kwa robo saa. Angemsahihisha chef, halafu iweje?

"Aksanti, chef," akasema.

Bukuru alimsindikiza hadi chini, amemshika kiwiko.

"Chakula yako ya saa sita, binti yangu njo atakuwa analeta," Butoyi alisema. "Mi goti haipande tena."

"Ana miaka ngapi sasa?"

"Kumi na tisa."

"Hapa ataniita mama mukubwa?"

Butoyi alimpangusa vumbi la majalada begani.

"Atakuita dada," akasema. "Kwa sasa."

Huko juu chef alikuwa anamwita stagiaire, na Bukuru akapanda ngazi mbilimbili.