Hodi ya Mchana

"Hodi," ilisema sauti mlangoni, kwa mara ya pili, nami sikuinua mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikaendelea kula pindo la sare ya shule. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba siitiki. Mwenye hodi na abishe mpaka achoke.

Tangu nijifungue nilikuwa nikisikia mtu akibisha hodi. Mchana kweupe, sauti ya mwanamke, ya heshima zake, haina ubaya wowote. Mwanzoni niliitika "karibu" kama binadamu yeyote, na wifi yangu, niliyeshona naye chumba kimoja, akacheka mpaka akadondosha mkasi.

"Unamkaribisha nani, wifi? Upepo?"

Nikacheka naye. Lakini iliporudi tena na tena, aliacha kucheka. Alinitazama, kisha akamtazama mtoto wangu aliyelala kwenye kapu la vitambaa.

Nilijua maneno yatafika kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa mtu wa neno moja. Akisema huyu hafai kulea, mume wangu, aliyekuwa kazini mbali, angeitikia ndiyo mama, na mtoto angeondoka. Basi nikabuni ujanja wangu: nikisikia hodi, kwanza namtazama wifi. Akiinua uso, ni mtu. Asipoinua, nashona. Ujanja ulinifaa sana, ila usingizi ulinihama, na asubuhi nilikuwa nalia juu ya kikombe cha chai bila kujua nalilia nini.

Siku hiyo wifi alikuwa ameenda kununua vifungo. Sikuwa na uso wa kuutazama.

"Hodi jamani."

Kisha kivuli kikaangukia kitambaa changu, na mama mkwe akawa amesimama mbele yangu, jasho linamtiririka, kandambili moja iliyokatika iko mkononi. Nikamshika mkono. Mungu anisamehe, nilimpapasa mama mkwe kama mtu anayekagua kitambaa dukani, nione kama yupo kweli.

"Una nini wewe? Nimebisha mpaka koo limekauka."

"Shikamoo mama. Nilidhani hakuna mtu."

"Hakuna mtu, halafu hodi anapiga nani?"

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia yote, hata ule ujanja wa kumtazama wifi. Alikaa kwenye kiti cha wifi, akaigeuza geuza ile kandambili kama vile ndiyo iliyokuwa ikimsimulia.

"Baba yenu hukohoa koridoni," alisema mwishowe. "Marehemu. Kila nikipanga vyombo. Sijamwambia mtu, kwa hiyo na wewe hujasikia."

Nilitegemea moyo utulie, lakini nilizidi kuchanganyikiwa. Sasa tukiwa wawili, ndiyo tumekuwa wazima, au ndiyo wagonjwa wamekuwa wawili? Mpaka leo, mwanangu ameshafikia umri wa kunijibu jeuri, na jibu sijalipata.

Kesho yake akaniambia nijiandae, tukaongozana hadi zahanati. Mtoto alimbeba yeye, tena amemkaza, nami nikafuata nyuma mikono mitupu. Njia nzima hakunipa nimbebe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuiogopa ile sauti.

Muuguzi, mwanamume wa maneno machache, hakushtuka. Alisema wanaosikia vitu ni wengi kuliko wanaosema, na wapo wanaozeeka navyo bila shida. Nikashusha pumzi. Kumbe alikuwa hajamaliza. Akaiacha hodi kando kabisa, akaniuliza nalalaje. Nakulaje. Kama kuna siku natamani nisingeamka.

Nilitazama sakafu. Majibu ya hodi nilikuwa nimeyapanga yote tangu nyumbani. Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe.

"Zipo," nikasema. "Nyingi."

Muuguzi akaandika. Nikasikia kiti cha mama mkwe kikisogea, na sikuthubutu kuinua uso, kwa sababu nilijua anaelekea mlangoni na mwanangu. Miguu yake, mmoja ndani ya kiatu cha kuazima, ikaja ikasimama mbele ya yangu. Akanilazia mtoto mapajani, akachukua vidole vyangu vilivyokuwa vimejikunja, akavikunjua taratibu mpaka vikamshika.

"Haya," akamwambia muuguzi, akirudi kukaa. "Endelea kumuuliza."