Rejea ya Kumi na Saba

Idara ya Sayansi ya Chakula ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeijali. Kila mwanafunzi wa uzamili alitakiwa kuweka mwishoni mwa tasnifu ukurasa mmoja wa kulinganisha zana za utafutaji: ametafuta wapi mtandaoni, kwa maneno gani, na kila zana imempa nini. Wanafunzi walinakili ukurasa wa waliowatangulia, wakabadilisha tarehe, maisha yakaendelea. Watahini nao hawakuusoma. Ndipo akaja Tak Geum-sil, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, aliyepikia watoto wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuamua kwamba sasa ni zamu yake kusoma. Yeye aliujaza kwelikweli.

Kisa kilianzia kwenye orodha ya marejeo. Katika maabara ya Profesa Pyo Sang-hyeok, anayemaliza humwachia orodha yake anayeingia. Geum-sil aliipokea kutoka kwa Ok Hae-rin, binti anayesomea shahada ya udaktari, mwenye nusu ya umri wake, lakini mkubwa wake pale maabara.

"Nakili tu, mama," Hae-rin alimwambia. "Sote tumenakili."

Rejea ya kumi na saba ilikuwa ya mtu aitwaye Ham Jeong-do, mwaka 1969, jarida la lishe, juzuu la tatu, kurasa 112 hadi 119. Ilidaiwa kuthibitisha kwamba meju, yale matofali ya soya iliyopondwa na kuachwa ichache, yakitundikwa ukuta wa kaskazini huiva siku kumi mapema. Geum-sil alicheka peke yake. Alikuwa amefunga meju kwa mabua ya mpunga tangu usichana wake, na ukuta wa kaskazini haukuwahi kumpa kitu zaidi ya ukungu mweusi na hasara.

"Huyu Ham hajawahi kutundika hata soksi," alisema. "Lazima nimsome."

Akaanza na ile injini kubwa ya makala inayotumiwa na dunia nzima. Jina likatokea mara moja, na chini yake: imenukuliwa mara arobaini na tatu. Akabonyeza. Hakikufunguka kitu. Akaenda kwenye hifadhi ya tasnifu ya taifa, patupu. Akaingia kwenye kanzidata ya majarida ambayo chuo hulipia kila mwaka. Huko alilikuta juzuu la tatu lote, limepigwa picha jalada kwa jalada, nalo liliishia ukurasa wa tisini na sita. Mwisho akaijaribu akili mnemba. Hiyo haikumwangusha: ilimmwagia muhtasari wa aya nne na jedwali juu. Alipouliza nakala iko wapi, ikaomba radhi. Alipouliza tena, Ham akawa mwanamke.

"Mama, hiyo makala unaitafuta au unaiposa?" Hae-rin alimtania siku ya tatu.

"Njoo uone. Unajua hii injini kubwa inafanyaje? Ikikuta jina kwenye orodha zetu, inaliandikia cheti cha kuzaliwa. Haijaiona makala. Imetuona sisi tukiitaja."

Hae-rin akaacha kucheka. "Na wa kwanza kuitaja ni nani?"

Geum-sil alizipanga kwa miaka kazi zote arobaini na tatu zilizoitaja. Ya kwanza kabisa ilikuwa tasnifu ya udaktari ya mwaka 2003, ya Pyo Sang-hyeok.

"Mama, achana nayo," Hae-rin akanong'ona. "Nakuomba. Hata mimi nimeitumia."

Hakuachana nayo. Aliiondoa rejea ya kumi na saba, na katika ule ukurasa wa mwisho akaandika zana zote nne na majibu ya kila moja, bila neno la kejeli. Wiki moja kabla ya kutetea tasnifu, Profesa Pyo alimwita ofisini.

"Bi Tak, kitu kilichonukuliwa mara arobaini na tatu hakiwezi kuwa hakipo."

"Wewe umekisoma, Profesa?"

"Mwalimu wangu alinitajia. Unataka kumwita mwalimu wangu mwongo?"

"Nataka ukurasa wa mia na kumi na mbili tu."

Pyo alivua miwani. "Rudisha rejea, toa ukurasa huo. Bila muhuri wangu huhitimu, na unajua."

Alijua. Alijua pia kwamba muhula mmoja zaidi ungepita muda wa juu wa masomo, naye angerudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka minne. Alikuwa na hasira, na nyuma ya hasira kulikuwa na hofu. Hakujidanganya kuhusu hilo. Lakini alikuwa ameshawahi kumwaga sufuria nzima ya supu ya watoto mia tatu kwa sababu ilinuka kidogo, mwalimu mkuu akimfokea, na hakuwahi kuijutia supu ile.

Siku ya kutetea watahini walikuwa watatu: Pyo, mhadhiri kijana aitwaye Seok, na Profesa Maeng, mama wa makamo kutoka chuo kingine. Geum-sil alieleza kazi yake kwa nusu saa. Maswali yakaenda vizuri mpaka Maeng alipofika mwisho wa tasnifu.

"Huu ukurasa umeujaza mwenyewe?"

"Ndiyo, Profesa."

"Miaka yangu yote ya kutahini hapa sijawahi kuona aliyeujaza." Akausoma polepole, kisha akamtazama Pyo. "Hii rejea tunaifahamu sote, si ndiyo?"

"Ipo," alisema Pyo. Aligeuza kompyuta, akaandika jina mbele yao, likatokea kwenye ukuta, kubwa, na arobaini na tatu yake. "Hiyo hapo."

"Ifungue, Profesa," alisema Geum-sil.

Pyo akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Nimeomba uifungue tu."

Seok aliinamisha kichwa kama aliyeangusha kitu. Maeng akachukua fomu ya idhini, akagonga muhuri wake, akamsogezea Seok, naye akagonga haraka kabla hajabadili mawazo. Kikabaki kisanduku cha tatu.

"Toa ukurasa, nitagonga Ijumaa," alisema Pyo.

"Hautoki."

"Bi Tak!"

"Profesa, nisome nini kingine? Nimetafuta kote. Wewe una haki ya kukataa. Lakini hapa chini pameandikwa, mtahini akikataa aandike sababu na atie sahihi." Aliiweka fomu mbele yake, na kalamu juu yake. "Andika sababu."

Pyo alishika kalamu. Akaandika neno moja: *Mwanafunzi*. Akaishia hapo. Wote walimwona akiitafuta sentensi ambayo angeweza kutia sahihi chini yake, akiitafuta kwa muda mrefu, na asiipate.

Akalikata lile neno. Akafungua kikasha cha muhuri wake, akaugonga kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

"Sitakuandikia barua ya kukuombea nafasi ya udaktari," alisema.

"Sikukuomba," alijibu Geum-sil, na akaipuliza karatasi mpaka wino ukakauka.